Mkanda wa Ngozi ya Fahali

Vijana wangu wa mashine, siku mliyoniaga nikistaafu mlitaka niseme neno, nikasema "ahsanteni, chakula kinapoa," nikakaa. Si kwamba sikuwa na la kusema. Pilau ilikuwa mbele yangu, na kila mtu ana udhaifu wake. Sasa niko nyumbani, mahali nilipotaka kuwa tangu nizaliwe, na mke wangu amechoka kuniona nikizunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ameniambia niketi mahali nifanye kitu kisicho na kelele. Basi naandika.

Habari za vyeo sina. Katika mashine ya kusaga kuna vyeo viwili, anayewasha na anayefagia, na kwa miaka mingi nilivishika vyote kwa siku moja.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, Babati ikiwa bado mji mdogo ndani ya Mkoa wa Arusha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Wenzangu walitawanyika, huyu Moshi, yule Dar es Salaam, mwingine jeshini. Mimi niliomba kazi kwenye mashine ya kijiji pale Maisaka kwa sababu ambayo sikuiandika kwenye barua ya maombi: ukisimama mlangoni pa banda ulikuwa unaona moshi wa jiko la mama yangu. Kamati iliniuliza kwa nini kijana msomi anataka kusaga mahindi. Nikajibu kwamba nataka kulitumikia taifa. Walipiga makofi. Hawakujua kwamba taifa langu lilikuwa linaishia kwenye daraja la kutokea mjini.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Boay, Mwiraqw wa milima ya Mbulu na mzee wa kanisa la Kilutheri. Alikuwa haongei sana kwa sababu mashine iliongea kutwa nzima, na alikuwa mtu wa adabu, hakupenda kuikatiza. Aliniita Fomu Foo, na hakuniita jina lingine hadi alipostaafu.

"Fomu Foo," aliniambia siku ya kwanza, akinionyesha hendeli ya kuwashia injini, "ukishika hapa, dole gumba likae upande mmoja na wenzake. Usilizungushe. Injini ikirudi nyuma itakuvunja."

Nilimsikia. Nikashika hendeli kama nilivyozoea kushika jembe, nikazungusha kwa nguvu zote ili akina mama waliokuwa kwenye foleni waone. Injini ikarudi nyuma. Dole gumba lilipona, sijui kwa maombi ya nani, lakini mimi nilirushwa nikaangukia kwenye rundo la pumba, nikainuka mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Kisha mama mmoja jirani yetu, Mama Paulina, akainua sauti:

"Mzee Boay, huyu mtoto umeshamsaga! Mtie kwenye debe basi tumpeleke kwa mama yake!"

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ya kunikaribisha kazini. Tangu siku hiyo nawaambia wote ninaowafundisha habari za dole gumba, ingawa ninyi siku hizi mnabonyeza swichi na hamna cha kuvunja.

Kwa kuwa hamkuiona mashine ile, niieleze kidogo. Injini ya dizeli ilikaa upande mmoja wa banda, mawe ya kusagia upande wa pili. Katikati palikuwa na mkanda mpana wa turubai na mpira uliochukua nguvu huku ukazipeleka kule. Mawe nilifundishwa kuyachonga kwa patasi yalipokuwa butu, na injini nilifundishwa kuisikiliza, kwa sababu ikitaka kuharibika inakohoa kwanza. Mkanda hakuna aliyenifundisha chochote juu yake zaidi ya kutopitisha shati karibu. Ulikuwa unazunguka tu, kama kitu ambacho hakitakwisha.

Halafu vitu vikaanza kuadimika. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, nguo, betri za redio. Waliokuwa bado na betri walitusimulia sisi wengine kilichosemwa redioni: vita vimetuachia madeni, mafuta yamepanda bei huko duniani, mazao yetu bei imeshuka, mvua hazikunyesha, na nchi haina fedha za kigeni. Mimi niliyesoma jiografia na siasa nilielewa kila neno. Nilikuwa nikiwaeleza akina mama kwenye foleni kwa kirefu, mikono nyuma kama mwalimu. Ambacho sikukielewa ni kwamba hizo fedha za kigeni zilikuwa zinazunguka mle mle bandani, juu ya kichwa changu, kati ya injini na mawe.

Mkanda ulianza kuchanika. Tukaukata palipochanika, tukaunga. Ukachanika pengine, tukakata tena. Kila tulipoukata ulipungua urefu, kwa hiyo tukawa tunaivuta injini kuisogeza karibu na mawe, mpaka Mzee Boay akasema hawa wawili wakikaribiana zaidi itabidi mchungaji aitwe. Mchungaji hakuhitajika. Asubuhi moja mkanda ulikatika vipande vitatu, kimoja kikapita juu ya kofia yangu, na hapakubaki cha kuunga.

Mjini palikuwa na mwenye duka mmoja aliyekuwa na mikanda. Lakini ulipokuja msako wa walanguzi, wenye mali ya kuficha na wasio nayo waliogopa sawasawa, na bwana yule alipoona wenzake wanachukuliwa, alizibeba bidhaa zake akazitosa Ziwa Babati. Kwa hiyo kwa muda fulani waliokuwa na mikanda ya mashine katika mji wetu walikuwa viboko.

Kamati ikanituma Arusha. Nilimuuliza mwenyekiti kama mkanda hauwezi kuagizwa kwa barua. Akanionyesha barabara. Nikapanda juu ya lori la mbaazi, nikafika nikiwa mwekundu kwa vumbi, nikazunguka maghala yote niliyoelekezwa. Kila karani aliniambia nijaribu mwakani, tena kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Nilirudi kesho yake na lori hilo hilo. Hiyo ndiyo safari yangu ndefu kuliko zote za kikazi, na kama mliwahi kusikia nikiisimulia kana kwamba nilikwenda Ulaya, nisameheni.

Basi mashine ikanyamaza, na hapo ndipo nilipojua kazi yake. Kabla ya hapo nilidhani inatengeneza unga. Kumbe ilikuwa inatengeneza muda. Maisaka ilianza kuamka na mchi kabla ya jogoo. Kutwanga mahindi ya nyumba nzima si mchezo, na wengi walishindwa, wakawa wanakwenda Sigino ambako mashine ilikuwa bado hai. Wanawake waliondoka na debe kichwani alfajiri, wakakuta foleni ya watu wa huko, wakarudi jua linazama. Waliobaki nyumbani walikunywa uji mchana badala ya asubuhi. Mbaazi zilikauka shambani zikapasuka zenyewe, kwa kuwa mvunaji alikuwa njiani na debe. Na pale ambapo mama hakuweza kujigawa, alikwenda binti.

Nyumba ya Mama Paulina, binti alikuwa ndiye Paulina mwenyewe, darasa la saba. Nilimfahamu vizuri. Enzi za mashine kufanya kazi alikuwa akija kusagisha, anakaa juu ya debe na kitabu cha hesabu, ananiuliza habari za sehemu. Nilimweleza nikishindana na injini, na nadhani kwa muda mrefu aliamini kwamba hesabu za sehemu hufanywa kwa kupiga kelele. Mwalimu wake aliwahi kupita bandani akasema mtoto huyu akifika kwenye mtihani ataonekana. Tatizo likawa ni kufika.

Mama Paulina alinikuta siku moja nimekaa mlangoni pa banda lililofungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado umekaa?"

"Tunasubiri mkanda, mama. Serikali haina fedha za kigeni."

"Na mimi sina za hapa hapa. Sasa nisikilize, fundi. Paulina haendi shule. Baba yake hayupo duniani, mimi nina huyu mgongoni na mbaazi zinapasuka. Akienda shule, nani aende Sigino? Uende wewe?"

"Lakini mama, mtihani wa darasa la saba umekaribia."

"Mtihani hauliwi." Akamweka sawa mtoto mgongoni. "Nampenda asome. Nani kakwambia simpendi? Lakini wenzake wanne wanataka kula kila siku, na mtihani ni siku moja. Ukilizungusha hilo dude, ataufanya. Usipolizungusha, atatwanga. Usinieleze tena habari za dunia."

Sikumweleza tena habari za dunia, yeye wala mtu mwingine.

Haikupita muda akaja Ginyoka na punda wake wawili. Alikuwa mfugaji wa Kibarbaig aliyetoka tambarare za Hanang. Ukame ulikuwa umeua sehemu kubwa ya ng'ombe wake, akahamia pembeni ya Singe na kuanza kulima mahindi, kazi ambayo aliifanya kama mtu anayemsaidia jirani. Alikuta mlango umefungwa. Akaokota kipande cha mkanda uliokufa, akakikunja, akakinusa.

"Hii ilikuwa ngozi ya nini?"

"Si ngozi, mzee," nikasema. "Ni turubai na mpira. Inatoka Ulaya."

"Ndiyo maana imekufa. Haikuwa na mama." Akamgeukia Mzee Boay. "Mimi ngozi ninazo. Ng'ombe wamekwenda wameniachia nguo zao. Mnataka upana gani?"

Mzee Boay akavua mshipi wake wa suruali, akautazama nao, akasema, "Kama huu unashika suruali, ule utashika mawe. Lete."

Tulifanya kazi ile wote watatu. Ginyoka alileta ngozi ya fahali, akaikata vipande virefu. Tukailoweka, tukaitundika kati ya miti miwili na kuifunga jiwe ili ivutike hadi iache kuvutika. Mzee Boay alishona maungio kwa kamba za ngozi, akitaka mshono uelekee upande ambao mkanda unakimbilia, usije ukaparua puli, lile gurudumu linalovishwa mkanda. Mimi nilishika upande wa pili wa kila kitu. Mwishoni Ginyoka alitoa mafuta ya mkia wa kondoo, akaupaka mkanda wote hadi ukalainika kama shingo ya ndama.

Tuliwasha. Mkanda ulipiga kelele kidogo, ukatulia, mawe yakazunguka. Akina mama walitoka kila nyumba kama kengele ya kanisa imelia. Kila mkanda ulipopata moto, mafuta ya kondoo yalitoa harufu iliyojaa banda zima na kuingia kwenye unga. Niliogopa watu watalalamika. Kumbukeni lakini kwamba mafuta ya kupikia yalikuwa hayajaonekana mjini tangu lini sijui. Mama mmoja alirudi kesho yake akasema watoto wamekula ugali mkavu na kunyamaza.

"Unga wako una mboga ndani," akanisifu. "Usibadilishe chochote."

Paulina alirudi shule. Tulifurahi mchana ule na uliofuata.

Asubuhi ya tatu nilifungua banda nikakuta injini ipo, mawe yapo, na katikati hakuna kitu. Sakafuni palikuwa na kipande cha mshono, kimetafunwa. Bati la chini la mlango lilikuwa limesukumwa, na nje kulikuwa na nyayo ambazo mtu yeyote wa chini ya mlima Kwaraa anazijua. Fisi walikuwa wamekula kipuri.

Nilikaa chini. Mzee Boay alifika. Alivua kofia, kama mtu aliyekuta msiba. Tulimpelekea Ginyoka habari. Alikuja, akatazama nyayo, akatazama mlango, akatutazama sisi.

"Mliiacha hapa?"

"Kwenye mashine, mzee. Ndipo inapokaa."

"Ngozi ya fahali. Imepakwa mafuta ya kondoo. Mkaiacha, mkaenda kulala."

"Ni kipuri cha mashine, mzee."

"Ni chakula," akasema Ginyoka, na hapo akacheka, akacheka hadi akaishikilia fimbo yake kwa mikono miwili. "Mimi nina watoto, nina wajukuu. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumwambia asiache ngozi nje. Mtu anazaliwa anajua! Na wewe una shule!"

Ndivyo ilivyokuwa. Kwetu sisi kitu kikishawekwa kwenye puli kilikuwa kimekuwa mashine. Kwake yeye kilikuwa bado fahali. Alidhani tunajua, nasi tulidhani hakuna cha kujua.

Mama Paulina naye alikuja kutazama. Alisimama mlangoni, hakutania, na hilo liliniumiza kuliko matusi. "Wiki ijayo ndiyo mtihani," akasema. "Kesho anakwenda Sigino."

Ngozi nyingine imara haikuwepo kwa Ginyoka, ila moja: ile waliyokuwa wakilalia yeye na mkewe. Tulikwenda hadi Singe kuiomba, na Mzee Boay ndiye aliyezungumza, mimi nikitazama miguu yangu. Mke wa Ginyoka alisikiliza, akasema kitu kwa lugha yao, akaingia ndani akatoka nayo imekunjwa.

"Anasema," Ginyoka alitutafsiria, "mgongo unaweza kulala juu ya majani, lakini miguu yake imekataa Sigino. Hii ichukueni. Ila huyu kijana alale nayo yeye."

"Mimi?"

"Amekuonyesha kwa kidole."

Basi tukatengeneza mkanda wa pili, na kila jioni nikawa nauvua kwenye mashine, nautia begani, naenda nao nyumbani. Mbwa wote wa Maisaka walinisindikiza kwa heshima ambayo hata mkuu wa wilaya hakuipata. Nilikuwa nimeoa karibuni. Mke wangu, huyu huyu aliyenituma niandike, alinipokea mlangoni.

"Hiyo nini?"

"Mkanda wa mashine."

"Unalala wapi?"

"Hapa."

"Na mimi?"

"Na wewe hapa."

Akaunusa kwa mbali. "Nilimwambia shangazi nimepata mwanamume anayependa kukaa nyumbani. Sikumwambia kwamba atakuja na kazi yake kitandani." Lakini alisogea ukutani, ukapata nafasi. Mkanda ule ulilala kwetu hadi vitu viliporudi madukani. Serikali ilifungua milango ya biashara, mikanda ya mpira ikatundikwa kila duka, na shida ikageuka: zamani mwenye hela alikosa mkanda, sasa mikanda ilikosa mwenye hela. Hayo mengine mnayajua, mliyakuta.

Lakini wiki ile ya mtihani Mama Paulina hakushawishika na mkanda wa pili. "Wa kwanza pia ulizunguka," alisema. Akaweka sharti lake: asubuhi ya mtihani atakuwa uani kwake. Akisikia mawe yanasaga, Paulina ataelekea shule. Akisikia kimya, ataelekea Sigino na debe, kwa sababu unga wa nyumba ulikuwa umekwisha jana yake.

Asubuhi ile ukungu ulishuka kutoka Kwaraa hadi usimwone mtu aliye mbele yako. Niliuvisha mkanda, nikashika hendeli, dole gumba mahali pake, injini ikawaka mara ya kwanza. Mawe hayakuzunguka. Ngozi ilikuwa imekunywa ule unyevu ikalegea, na puli ilikuwa inateleza ndani yake bure. Tukazima. Mzee Boay akaupaka majivu, tukawasha, ukashika kidogo, ukaachia. Injini ilikuwa inanguruma Maisaka nzima isikie, lakini Mama Paulina alikuwa ameishi na mashine ile miaka mingi. Alijua mlio wa injini peke yake, na alijua mlio wa injini yenye mawe.

"Tuisukume injini nyuma," Mzee Boay akasema. "Mkanda ukaze."

Tulikuwa wawili na injini ilikuwa na uzito wa nyati. Tulilegeza nati zake, tukasukuma, haikwenda. Nikatoka nje nikaita kwenye ukungu, bila kujua ninamwita nani. Wa kwanza kufika alikuwa mke wangu, akikimbia, akidhani nimekatwa mkono. Akaniona niko mzima, akanisonya, akaweka bega. Wakaja wanawake wawili waliokuwa wamewahi foleni, wakaweka chini madebe yao, nao wakaweka mabega. Injini ikasogea upana wa kiganja. Mzee Boay akakaza nati. Nikawasha.

Mkanda ulipiga kelele, ukateleza, ukashika. Mawe yakaanza, taratibu, halafu sawasawa.

Sikuweza kutoka kwenda kutazama. Nilikuwa na mahindi ya watu mbele yangu na jicho langu lilikuwa kwenye mshono. Wale wawili nikawasagia, akaja wa tatu, ukungu ukaanza kupungua, na kila aliyeingia nilimtazama usoni. Mwishowe mlangoni pakaingia debe, na chini ya debe alikuwa Mama Paulina, mtoto mgongoni, anahema.

"Shikamoo, mama. Paulina yuko wapi?"

Alitua debe lake mbele ya mawe, akajifuta uso kwa pembe ya kanga.

"Unamuulizia hapa, hapa ni shuleni?" akasema. "Saga."